Nusu ya Sauti

Narae alikuwa akivuka sebule kwa ncha za vidole, kikombe cha maji amekikumbatia kwa mikono miwili, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo. Alikuwa na miaka minne, na visigino vyake havikuwa vimegusa sakafu tangu alipoamka. Alipofika mezani alikitua kikombe polepole, akasubiri kidogo kuona kama kitalia, na kilipokaa kimya akamgeukia mama yake.

"Umeona, mama?" alinong'ona. "Hata maji hayajanisikia."

"Nimeona, mwanangu," Hye-rim naye akanong'ona. "Wewe hodari kweli."

Simu ya Hye-rim ilikuwa imelazwa juu ya meza, ikipima sauti ya chumba na kuiandika kwa tarakimu kubwa za kijani. Thelathini na nne. Hapo ndipo alipokuwa akipataka kwa wiki kadhaa, na sasa alipaona kwa macho yake, mtoto akiwa macho na akitembea. Mabega yake yalishuka. Akambusu Narae utosini, akaenda zake kutoa nguo kwenye mashine.

Hofu ya Hye-rim ilikuwa na jina na anwani. Iliitwa Mzee Pyo, na ilikaa ghorofa ya kumi na moja, chini kabisa ya miguu yao. Alichokiogopa hakikuwa maneno ya mzee huyo, maana maneno alikwisha kuyazoea. Aliogopa kwamba iko siku mzee atapanda ngazi akiwa amechoka kusema, na atakayekimbilia kufungua mlango atakuwa Narae. Watu wa Cheongju, kama watu wa miji yote ya nchi ile iliyojaa majengo marefu, wamesikia habari za majirani waliouana kwa ajili ya vishindo vya miguu. Habari hizo hutangazwa jioni, watu wakitikisa vichwa mbele ya bakuli za wali, na baadaye kila mmoja huangalia dari yake au sakafu yake, kutegemea yeye ni wa juu au wa chini. Hye-rim alikuwa wa juu.

Walihamia pale majira ya machipuko. Kama ilivyo desturi, Hye-rim alinunua keki za mchele zenye maharage mekundu, akazifunga vizuri na kuzipeleka kwa majirani: wa ubavuni, wa juu, na wa chini. Wengine walizipokea kwa kicheko na kumkaribisha. Mzee Pyo alizipokea kwa mkono mmoja, macho yake yakampita Hye-rim na kutua kwa mtoto aliyejificha nyuma ya sketi.

"Anatembea huyo?" aliuliza.

"Kutembea? Anakimbia, mzee," Hye-rim alisema, amejaa fahari.

Jibu hilo alikuja kulijutia kuliko neno lolote alilowahi kulitamka. Alikuwa akilikumbuka akiosha vyombo, akilikumbuka akisubiri basi, na kila mara alihisi uso ukimchoma. Kama angesema mtoto ni mpole, pengine mambo yangekwenda vingine. Ndivyo alivyojidanganya.

Simu ya ndani ilianza kulia wiki ya pili. Mwanzoni alikuwa mlinzi wa jengo, mtu wa watu, akisema kwa aibu, "Mama Narae, samahani tena, wa chini anasema mtoto anaruka." Mtoto alikuwa amelala. Hye-rim akaomba radhi vilevile. Akanunua mikeka ya sponji akaitandaza kuanzia mlango wa mbele hadi dirishani, akavalisha viti soksi, akanunua ndara za soli nene ambazo mwenyewe alitembea nazo kama mtu aliyevaa mito. Simu ikaendelea kulia. Kisha simu ikanyamaza na vikaanza vishindo kutoka chini: du, du, du, sakafu ikitetemeka palepale alipokuwa Narae, kana kwamba aliye kule chini alikuwa akimwona.

Mume wake, Gi-tae, alifanya kazi ya kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli huko Geoje, akawa anarudi Jumamosi na kuondoka Jumapili. Alikuwa mtu mwema mwenye sauti kubwa. Hye-rim alipomweleza, alikaa akasikiliza sakafu kwa dakika nzima, mkono umewekwa sikioni.

"Mbona mimi sisikii kitu?" alisema.

"Utasikia nini, Baba Narae? Masikio umeyaacha melini. Na punguza sauti, tafadhali."

"Sauti ipi? Naongea kawaida."

"Hiyo kawaida yako inasikika mpaka kwenye maegesho."

Gi-tae alicheka, na hata kicheko hicho kilimfanya Hye-rim atazame sakafu. Gi-tae akasema basi, mpelekee mapeari, sikukuu ya mavuno si imefika, mtu mzima hakatai mapeari. Hye-rim akachagua boksi la mapeari makubwa, kila moja limefungwa kwenye wavu wake, akaliacha mlangoni kwa Mzee Pyo baada ya kugonga bila kuitikiwa. Kesho yake alilikuta mlangoni pake mwenyewe. Hakuna hata peari moja lililoguswa.

Mchana mmoja mzee alipanda mwenyewe. Kengele ililia, na Hye-rim alipomwona kwenye kioo kidogo cha kamera alimsukumia Narae chumbani na kufungua mlango kwa upana wa mnyororo. Mzee Pyo alikuwa amevaa shati safi lililopigwa pasi. Mkononi alishika nyundo ya mpira, ile ya kugongea vigae.

"Mama Narae, sikuja kugombana," alisema.

"Karibu ndani, mzee, tuzungumze. Nina chai ya shayiri..."

"Sikaribii. Mwanao anatembea ndani ya kichwa changu. Nikila anatembea. Nikienda msalani anatembea. Dari nimeipiga mpaka mkono umevimba." Akaitazama nyundo kama kitu alichokiokota njiani. "Sasa sijui nipige nini."

Angepiga kelele, Hye-rim angejua la kufanya, angefunga mlango na kuita mlinzi. Lakini Mzee Pyo alisema maneno hayo kwa sauti ya mtu anayeagiza supu, tena sauti ya chini, ikabidi Hye-rim asogeze uso kwenye ule mwanya ili ayasikie vizuri. Mzee aliinamisha kichwa kwa heshima, akashuka kwa ngazi, hatua moja baada ya nyingine, bila kishindo chochote.

Tangu siku hiyo Hye-rim hakulala usingizi wa kushiba. Kuhama hakukuwezekana, nyumba zilikuwa hazinunuliki mwaka ule. Akaweka kwenye simu programu ya kupima sauti, na usiku ule ule akasoma kwamba sheria inaruhusu vishindo vya miguu visivyozidi wastani wa desibeli thelathini na tisa mchana. Asubuhi akamwambia Narae akimbie mara moja kutoka chumbani hadi dirishani, mara moja tu, huku yeye ameinamia simu. Arobaini na nne. Hye-rim alishukuru. Alikuwa amepata kitu cha kushika. Hofu haina mpini, lakini tarakimu unaweza kuishusha, leo moja, kesho nyingine, kama mtu anayepunguza unene.

Wakaanza mchezo wa paka. Paka hatembei kwa visigino. Paka hadondoshi kijiko. Paka akicheka hufunika mdomo. Narae aliupenda mchezo, maana kila tarakimu ikishuka mama yake alimkumbatia, na mama yake siku hizo alikuwa hakumbatii sana. Mpira ukaondoka, baiskeli ya magurudumu matatu ikaondoka, nyimbo za shule ya chekechea zikaimbwa kwa midomo bila sauti. Kufikia majani yalipoanza kuwa mekundu, mtoto alikuwa na namna yake ya kucheka, viganja mdomoni, mabega yakimtetemeka, machozi ya furaha yakimtoka, na usimsikie. Hye-rim alimtazama akajisifu. Tarakimu zilisoma thelathini na nane.

Vishindo vya nyundo havikupungua hata kidogo. Hye-rim akachoka, akaomba wapimaji wa kelele kutoka serikalini.

Aliyekuja ni mwanamke wa makamo aitwaye Tak Eun-sil, mnene kiasi, mwenye utani wa watu waliozoea kuingia nyumba zenye ugomvi. Alitega chombo chake kwenye nyumba ya Mzee Pyo, kikakaa mchana na usiku juu ya miguu yake mitatu katikati ya sebule. Kesho yake akawaita wote wawili pale pale chini ili, kama alivyosema, wasimsikie kila mmoja kwa wakati wake wakaja kubishana juu ya alichosema.

Hye-rim alikuwa hajawahi kuingia nyumba ile. Ilikuwa na umbo lile lile la nyumba yake, chumba kwa chumba, lakini vitu karibu vyote havikuwemo. Televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, kifuniko cha betri kiko wazi. Jokofu lilikuwa limechomolewa, na vyakula vimepangwa barazani kwenye baridi. Mzee Pyo alikuwa ameondoa kila kitu chenye mlio, kimoja kimoja, tangu mkewe aliyekuwa akiwasha televisheni kutwa alipofariki. Juu, dari ilikuwa na vishimo vingi vya nyundo, karatasi yake imechanika na kuning'inia. Vishimo vilifuata njia. Hye-rim aliitambua njia hiyo: kutoka chumbani kwa Narae, kupita mezani, hadi dirishani. Akashikilia ukuta.

"Haya, wazazi wangu," alisema Tak, akifungua kompyuta yake ndogo. "Dakika yenye kelele kuliko zote imetoka thelathini na saba. Kikomo ni thelathini na tisa. Kwa sheria, Mama Narae hana kosa."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo," alisema Mzee Pyo.

"Nimesema hivyo, mzee? Hiki chombo kinapima hewa inasukumwa kwa nguvu gani. Hakipimi wewe unasikiaje. Hayo ni mambo mawili."

Hye-rim hakuweza kujizuia. "Lakini mimi nimepunguza, dada. Nimepima kila siku kwa simu. Nilikuwa arobaini na nne, nikashuka mpaka thelathini na nane. Mtoto wangu... Tumejitahidi sana."

"Simu yako inasikia chumba chako, sheria inapima chumba chake, hilo la kwanza. Lakini tuseme umeshuka sita kweli." Tak alimtazama kwa huruma, kisha akavua miwani. "Umefanya kazi kubwa. Ukishuka sita, ule msukumo wa hewa umeukata nusu. Nusu nzima. Ila desibeli si kilo za mchele, dada yangu, na sikio nalo lina hesabu zake. Ili mtu aone sauti imekuwa nusu ya ile ya jana, inabidi ushuke kama kumi. Nikupe mfano. Kati ya chumba hiki kilivyo kimya sasa na karakana ya kugonga vyuma kuna desibeli kama sitini. Msukumo umeongezeka mara elfu. Liulize sikio, litakwambia labda mara sitini na kitu. Ndivyo tulivyoumbwa, vinginevyo tungeshakuwa wendawazimu."

"Mume wangu anafanya kazi kwenye karakana kama hiyo," alisema Hye-rim, bila kujua kwa nini amelisema.

"Basi atakuwa anaongea kwa sauti kubwa," alisema Tak. "Na mtu aliyekaa kimya akiisubiri sauti, huyo ndiye mgumu zaidi. Wenyewe tunasema masikio yamefunguka. Yakishafunguka, kidogo hasikii kama kidogo."

Hye-rim alimgeukia Mzee Pyo. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni bila mlango katikati. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala, kama yake mwenyewe.

"Mzee, hukuona tofauti yoyote?"

"Tangu lini?"

"Tangu sikukuu ya mavuno."

Mzee Pyo alifikiri. Alifikiri kwa haki, hilo Hye-rim aliliona wazi, akiinamisha kichwa kama anayetafuta kitu mfukoni. "Hapana," alisema mwishowe. "Sikuona."

Mtu mwenye akili iliyotulia angepanda juu siku hiyo akamwachia mtoto wake mpira. Sheria ilikuwa upande wake, chombo kilikuwa upande wake, na miezi yote ile ya kunong'ona ilikuwa imethibitika haina faida. Hye-rim hakuwa na akili iliyotulia. Alikuwa ameona vile vishimo. Akapanda ngazi akihesabu kichwani: zinatakiwa kumi, nimeshashusha sita, zimebaki nne. Nne tu. Thelathini na nne, na yule mtu atasikia nusu, na nusu pengine itamtosha aweke nyundo chini. Jioni hiyo alimpigia Narae magoti, akamshika mashavu, akamwambia paka ana daraja jingine la juu zaidi, na kwamba babu wa chini ni mgonjwa wa masikio na akisikia kitu atakuja.

"Akija atafanya nini?" aliuliza Narae.

Hye-rim angeweza kusema lolote. Mtoto akawahi kuyasoma majibu usoni mwake.

Hivyo ndivyo walivyoifikia ile asubuhi ya kikombe cha maji. Hye-rim alifungua dirisha la jikoni na la chumbani kwa Narae ili hewa ipite, maana ilikuwa siku kavu yenye upepo mzuri, akatoka barazani, akazitoa nguo kwenye mashine na kuiwasha tena kwa mzigo wa pili, akafunga nyuma yake mlango wa kioo ili mlio wake usisikike ndani, akaanza kuzianika. Alianika bila haraka. Aliyakung'uta mashati ya Gi-tae, akatandaza vitambaa, akasimama kidogo kuitazama milima nyuma ya majengo. Hakumbuki alikaa kule muda gani. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa na furaha, na alikuwa hajawa na furaha muda mrefu.

Aliporudi sebuleni kitu cha kwanza alichokitazama kilikuwa simu. Thelathini na moja. Hakuwahi kuona tarakimu nzuri kama hiyo mtoto akiwa macho. Akatabasamu, akainua kichwa ili amsifu.

Narae alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, amempa mgongo. Upepo ulikuwa umepita ndani ya nyumba na kuubamiza mlango ule mzito. Haukulia, kwa sababu Narae alikuwa ameweka mkono wake kati ya mlango na fremu. Hye-rim ndiye aliyemfundisha. Wiki ile ile alimwonyesha jinsi ya kuudaka mlango kabla haujagonga, na akampa zawadi ya zabibu alipoweza. Vidole vitatu vilikuwa bado ndani ya ule ufa. Mkono mwingine ulikuwa umejazwa mdomoni, pamoja na mkono wa sweta, na sweta lilikuwa limelowa hadi kwenye kiwiko. Mtoto alikuwa akitetemeka mwili mzima. Alikuwa amesimama kwa ncha za vidole.

Hye-rim hajui alifikaje mlangoni. Alifungua, damu ikatiririka kwenye mkeka, akamnyakua mtoto na kuukunja ule mkono kwenye taulo. Narae alimtazama kwa macho makubwa yaliyojaa machozi. Mdomo wake ulipoachia sweta ulibaki wazi, na hakikutoka kitu.

"Kwa nini hukuniita?" Hye-rim alikuwa akisema. "Narae, kwa nini hukuniita? Mama nilikuwa hapo tu, mama nilikuwa barazani. Umesimama hapo muda gani?"

Narae aliweka midomo yake kwenye sikio la mama yake.

"Babu atakuja," alinong'ona.

Kuna hofu ambayo mtu huibeba kama mzigo, na akiitua anajua mikono yake iko wapi. Hii haikuwa hiyo. Hye-rim alimtazama mwanawe na kwa mara ya kwanza tangu machipuko hakumwogopa Mzee Pyo hata chembe. Alijiogopa mwenyewe. Alikuwa amesimama na mtoto mikononi, akiwaza ni mara ngapi nyingine, akiwa jikoni, akiwa msalani, akiwa amelala, huyu ameumia akasimama hivi hivi.

"Lia, mwanangu," alisema kwa sauti. "Hapa lia. Mama anakuruhusu."

Narae alitikisa kichwa.

Hye-rim alitoka naye bila koti, na ndara zake za soli nene miguuni, akabonyeza kitufe cha lifti kwa kiwiko. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara. Lifti ilikuja, milango ikajifunga, ikashuka ghorofa moja na kusimama. Hye-rim alijua kabla milango haijafunguka.

Mzee Pyo alikuwa na kindoo cha mabaki ya chakula cha kupeleka chini. Aliwaona, akasita, kisha akaingia kwa kuwa milango ilikuwa ikijifunga. Narae alipomwona alizika uso wake shingoni mwa mama yake. Hye-rim alihisi kile kifua kidogo kikivuta hewa, kisha kikaganda. Mtoto alikuwa amezuia pumzi.

Mzee aliitazama taulo. Doa jekundu lilikuwa likizidi kukua.

"Amefanya nini?"

"Mlango. Vidole."

"Lini?"

"Sasa hivi. Au nusu saa iliyopita. Sijui, mzee." Akazidi kuibana taulo. "Sikusikia."

Mzee Pyo aliinua macho kutazama juu, kwa mazoea, kwenye bati la lifti. "Nipo nyumbani tangu asubuhi," alisema taratibu. "Nilikuwa nimekaa chini yenu hasa, nimetega. Hakukuwa na kitu. Nikasema leo wametoka." Akashusha macho kwenye taulo. "Mlango umemng'ata vidole, na yeye alikuwa humo ndani?"

"Alikuwa amesimama humo ndani. Alijaza sweta mdomoni ili wewe usisikie." Hye-rim hakunong'ona. Sauti yake iligonga kuta za lifti na kuwarudia. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Usiseme kitu. Mimi ndiye."

Ghorofa ya nane ikapita, ya saba. Mzee alikiweka kindoo sakafuni. Akainama hadi uso wake ukafikia usawa wa uso wa mtoto uliojificha.

"Narae," alisema. Jina alilijua, alikuwa amelisikia likiitwa juu ya kichwa chake miezi yote hiyo. "Narae, mjukuu wangu. Lia tu. Piga kelele. Babu hana neno."

Mtoto alizidi kujikunja. Masikio yake yalikuwa yamegeuka mekundu kwa kukosa hewa.

"Pumua, mama," alisema Hye-rim, akimsugua mgongoni. "Pumua basi, mama yangu, pumua."

"Babu hasikii," alisema Mzee Pyo, na sauti yake sasa ilikuwa ya kuomba. "Nakuapia. Babu ni kiziwi, hasikii kitu."

Ghorofa ya tano ikapita. Lifti ikaendelea kushuka kwa mvumo wake mdogo. Mzee alisogeza kichwa karibu zaidi, sikio lake likaelekea kwenye kifua cha mtoto, na Hye-rim naye akaacha kupumua ili asikie.